Siku Sweta Yangu Ilihamisha Mkutano wa Wazazi

Najua mmeshaisikia. Shule nzima inaisimulia, hata wale wa kidato cha kwanza ambao siku hiyo walikuwa nyuma kabisa hawaoni kitu, na kila mmoja ana yake: kuna wanaosema nilitumbukia chooni, kuna wanaosema nilijiharia mbele ya Mwalimu Mkuu, na kuna mmoja (simtaji, anajijua) anayesema lori la kunyonya vyoo lilinimwagikia barabarani nikija shule. Hakuna hata moja iliyo kweli, ingawa ile ya kweli haina nafuu sana. Mimi kusimulia kwa mdomo siwezi, mnanijua, nikiulizwa swali darasani hata kama jibu ninalo shingo inashika moto na sauti inakwama, kwa hivyo nimeandika, na Halima amesema ataisoma kwa sauti siku ya mvua tukiwa tumefungiwa darasani, mimi nikiwa nimelaza kichwa kwa dawati. Aibu ni yangu, nimeikubali. Lakini iwe ile yenyewe, si za kutungiwa.

Lazima nianze na mbolea, la sivyo hamtaelewa.

Baba yangu anafanya kazi kwenye mabwawa ya maji taka, ng'ambo ya Athi River, kule malori ya kunyonya vyoo yanakoenda kumwaga. Maji yakitulia, chini kunabaki tope zito, na hilo tope huchotwa na kutandazwa juu ya mchanga likauke. Wenzake wote kazini wanalikimbia. Baba yeye alianza kuliangalia, halafu akaanza kulipenda, mpaka akaomba ruhusa awe analibeba na mkokoteni wa punda kuja nalo nyumbani (Mama alilia siku ya kwanza, lakini hiyo ni hadithi yake). Nyuma ya nyumba tunayokodi palikuwa na ploti tupu, na hapo ndipo alipokuwa analichanganya na maganda ya ndizi na majani ya kabichi kutoka sokoni Kitengela, maranda ya seremala, na ile nyasi inayotolewa tumboni mwa ng'ombe pale kichinjioni. Analipanga lundo refu, analinyunyizia maji, analifunika na magunia, halafu lundo linajipika lenyewe. Si mchezo, linapika kweli. Ukichomeka fimbo katikati ukaiacha kidogo, ukiichomoa huwezi kuishika. Joto hilo ndilo linaloua mayai ya minyoo na uchafu mwingine. Lundo likianza kupoa unaligeuza, linashika joto tena, unaligeuza tena, inaenda hivyo miezi, mpaka siku unachomeka fimbo na inatoka baridi, na kile kitu kimekuwa cheusi, kinamomonyoka mkononi, kinanukia kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Hapo Baba anasema imeiva. Ile ambayo bado anaiita changa. Shikeni hayo maneno mawili, kwa sababu mimi nilijua tofauti yake kuliko mwanafunzi yeyote Kitengela na bado nilifanya nilichofanya.

Mwaka huu mwenye ploti akasema anajenga. Kila mtu alikuwa anajenga, pale ambapo tukiwa wadogo tulikuwa tunaona punda milia wakilisha sasa ni misingi ya mawe na kokoto. Akampa Baba mpaka mwisho wa mwezi aondoe malundo yake. Baba alizunguka kila mahali. Watu walikuwa wanamsikiliza vizuri mpaka anapofika kwenye neno tope, halafu wanakumbuka wana safari. Mahali pekee palipobaki ni shuleni kwetu, ile kona ya chini kwenye ua, pale tunapopanda miti kila mwaka na kila mwaka inakauka kwa sababu udongo wetu mweusi ukipasuka unaweza kumeza rula. Baba alitaka aweke malundo pale, na ikiiva shule ipate ya miti, ya mahindi na ya nyasi za ng'ombe. (Mboga za kula mbichi alikataa mwenyewe, alisema hizo aziachie samadi ya kawaida.) Mwalimu Mkuu alipenda, lakini akasema hawezi kuamua peke yake, wazazi waulizwe siku ya wazazi.

Wazazi wakikataa, malundo yote, hata lililoiva, yangepakiwa na kurudishwa yakatupwe kule kule yalikotoka. Nilimsikia Baba akimwambia Mama jikoni, "Wakikataa naacha. Sirudii tena." Alisema polepole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, na hapo ndipo nilijua ni mambo makubwa, kwa sababu Baba akikasirika kidogo anapiga kelele na akiumia sana ananyamaza.

Halafu akaniomba nibebe karai.

"Utapita nalo kwa wazazi wanuse," akasema. "Wewe ni mtoto wa hapo hapo shuleni. Wakikuona umeishika na mikono yako hawataogopa. Na hutasema kitu, kazi ya kusema ni yangu."

Hayo ya mwisho ndiyo yalinifanya nikubali.

Sasa sweta. Nyinyi wote mnajua baridi ya Julai ya hapa, ule upepo unaotoka tambarare na kuingia hadi kwa mifupa, jua hakuna, nguo unaanika leo unaanua keshokutwa ikiwa bado na unyevu kwapani. Mimi niko na sweta moja. Mwalimu wa zamu alikuwa ametangaza kwamba siku ya wazazi tunakaguliwa yunifomu, na yangu ilikuwa na uji mbele, kwa hivyo jioni ya kuamkia siku hiyo nikaifua. Hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba niliifua jioni. Nikaikamua mpaka mikono ikauma, nikaitundika jikoni, Mama akaitoa akisema inadondokea ugali. Makaa ya kutia kwenye pasi yalikuwa yameisha. Nikatoka nje nikiwa nimeishika, nikasimama hivi nikifikiria, na mbele yangu malundo ya Baba yamekaa kwenye ile baridi kama sufuria tatu zilizofunikwa, la mwisho likifuka mvuke polepole.

Naomba mnielewe. Nilikuwa nimeshakausha soksi pale mara nyingi, juu ya lile lundo la zamani, na hakuna aliyewahi kusema neno. Lakini lundo la zamani lilikuwa limeiva, yaani limepoa, na sweta si soksi. Nikagusa la kwanza, baridi. La pili, vuguvugu. La tatu Baba alikuwa amelipanga wiki hiyo hiyo, tope likiwa bado na unyevu, na nyasi za tumboni mwa ng'ombe zimejaa, na lilikuwa na joto tamu kama mkate unapotolewa kwa oveni. Nikachukua gunia safi, nikalitandika, nikailaza sweta yangu juu, mikono imenyooshwa vizuri, nikaifunika na gunia lingine. Nilijiona nina akili sana. Nakumbuka hata nilitabasamu.

Asubuhi ilikuwa imekauka! Isipokuwa kwapani. Na ilikuwa na joto, nikaivaa nikahisi kama nimekumbatiwa. Nikainusa? Ndiyo, niliinusa. Sikusikia kitu. Mama alinitengeneza kola, hakusikia kitu. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisa, anarudia hotuba yake mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, tukatembea naye mpaka dukani kwa kina Halima, hakusikia kitu. Hilo ndilo nililokuwa silijui wakati huo: mkikaa na lundo nyuma ya nyumba mwaka baada ya mwaka, pua zenu zinaacha kuwaambia. Nyumba yetu yote ilikuwa haina pua na hakuna aliyetuambia kwa sababu watu wana adabu.

Baba akapitiliza na mkokoteni wa karai, mimi nikamngoja Halima. Halima ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja, wazazi wake walitoka Garissa na mama yake ana duka la rejareja pale kwenye kona. Halima ni mtu wa kukwambia ukweli hata kama hujaomba, angeniambia kabla sijafika mlangoni. Lakini Halima alikuwa na homa. Pua imeziba kabisa, anaongea kama mtu aliye ndani ya mtungi.

"Twede," akasema, "tudachelewa."

Tukaenda. Mbwa mmoja akatufuata kutoka dukani mpaka geti la shule, akiwa na furaha sana. Tukamfukuza, akarudi. Halima akasema labda amependa chapati iliyo kwenye mkoba wake.

Kwenye paredi ndiyo ilianza. Tulikuwa tumesimama kwa mistari, mwalimu anakagua soksi na kucha, na jua likachomoza kidogo, na mimi nikaanza kupata joto mwilini, na nadhani sweta nayo ikaamka.

"Manze, nani amekanyaga kitu?" msichana wa nyuma yangu akasema.

"Angalieni viatu, wasee!"

Wote tukainua viatu tukaangalia soli. Na mimi nikaangalia, kwa roho safi kabisa. Vyangu vilikuwa safi. Nikamwangalia jirani yangu wa kulia kwa jicho la shaka, Mungu anisamehe, na yeye akasogea.

Wazazi walipokuwa wameingia bwaloni na sisi tukaingia kukaa kando, ile harufu ikawa jambo la serikali. Naibu wa Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akinusa huku na huku kama anayetafuta gesi inayovuja. Akatuma kidato cha kwanza wakamwage majivu na dawa kwenye vyoo vyote. Walirudi wakiwa wanakohoa, harufu ikiwa pale pale. Akafungua madirisha, upepo ukaingia ukapindua karatasi za ratiba, akayafunga. Mwishowe wakanong'onezana na Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akasimama akaomba radhi, akasema inaonekana kuna bomba limepasuka chini ya bwalo, kwa hivyo wazazi watusaidie kubeba viti, mkutano unahamia uwanjani.

Mtu asiyewahi kuona wazazi wa shule nzima wakibeba viti vyao kwa vichwa, kina mama na leso zao, wazee na marungu yao, wakivuka uwanja kwenye upepo wa Julai kwa sababu yake, hawezi kuijua aibu hiyo. Hata mimi wakati huo sikujua. Nilikuwa nasaidia Koko mmoja, yaani nyanya wa Kimaasai, kubeba kigoda chake.

Wakakaa. Wakatulia. Mwenyekiti wa wazazi, mzee mmoja mrefu kutoka upande wa Isinya aliyejifunga shuka nyekundu juu ya suti, akanusa, akageuka, akanusa tena.

"Hii harufu," akasema, "iko na miguu?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Ndipo Baba akaitwa. Alisimama mbele, koti limembana mabega, mikono haijui ikae wapi na karatasi yake ya hotuba. Lakini alianza vizuri. Alieleza tope linatoka wapi, wengine wakakunja uso, akaeleza joto, akaeleza fimbo. Mama Halima akanyoosha mkono kabla hajamaliza. Mama Halima ni mtu mnene, mpole dukani, lakini akiuliza swali hata wale wanaoleta bidhaa na malori wanatafuta kalamu wahesabu upya.

"Baba Mwikali, mimi niko na watoto hapa. Niambie, hiyo kitu haitawaletea homa ya matumbo?"

"Mama Halima, ikiwa changa inaweza. Ndiyo maana changa haitaguswa na mtoto yeyote, itakuwa ndani ya ua na kufuli. Ikipikwa na joto lake ikaiva, imekuwa udongo. Na iliyoiva hainuki." Akatupa karatasi kwa mfuko, akapata nguvu. "Wazazi, msiniamini mimi. Aminini pua zenu. Mwikali! Leta karai."

Nikalibeba. Mbolea yenyewe ilikuwa nzuri, nyeusi, Baba alikuwa ameichekecha mpaka haina hata kijiti. Nikaanza na safu ya mbele. Sasa, sisi kwetu ni Wakamba wa Machakos, lakini mimi nimezaliwa hapa kwa Wamaasai, na hapa mtoto akikutana na mzee anainamisha kichwa mzee amguse utosini. Sikutaka wazazi waseme mtoto wa Baba Mwikali hana adabu siku ya maana kama hiyo. Kwa hivyo nikifika kwa kila mzazi nainama kwanza, kichwa mbele kabisa, kola na mabega yangu chini ya pua yake, ananigusa, halafu akiwa bado hajapumua namsogezea karai anuse.

Kila mmoja. Kwa heshima kubwa.

Wa kwanza alirudi nyuma na kiti. Wa pili alifunika uso na leso. Wa tatu, mzee wa watu, machozi yalimtoka, akasema kwa Kimaasai kitu kilichowafanya wenzake wacheke bila kufungua midomo. Mwenyekiti aliinuka kabisa. Na mimi naendelea tu, nainama, nasogeza, nainama, nasogeza, nikifikiria ni hotuba ya Baba imewatisha.

"Baba Mwikali," Mama Halima akasema kupitia shela yake, "hii ndiyo hainuki?"

Baba akaja mbio. Akainama juu ya karai nikiwa nimelishika, akavuta pumzi hadi kifua kikajaa, akavuta tena, akainua uso.

"Lakini mimi sisikii kitu," akasema.

Uwanja mzima ulicheka. Mzazi mmoja akapaza sauti, "Pua yako ilikufa kitambo, mzee! Ilizikwa huko kazini!" Wakacheka zaidi. Baba naye akajaribu kucheka, mdomo ukakataa. Akabaki amesimama anaangalia mbolea yake, na nikaona anaanza kuitilia shaka. Yeye! Aliyeigeuza kwa mikono yake mwaka mzima.

Nilitaka ardhi ipasuke zaidi ya ilivyopasuka. Safu ile ilikuwa imebaki na mtu mmoja, yule Koko niliyembebea kigoda, nyanya wa mvulana wa kidato cha pili, macho yake hayaoni vizuri. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya, Koko," akaitikia, "Iko," lakini kabla sijainama akalivuta karai mapajani mwake.

"Enda kando, mtoto wangu. Unanizibia jua, na ni kidogo."

Nikaenda kando, upande wa mwisho wa safu za nyuma. Koko akachota konzi, akaisugua kati ya vidole, akaileta puani, akakaa nayo hivyo kwa muda kama mtu anayesikiliza.

"Huu ni udongo," akasema. "Udongo tu. Mnapigia nini kelele?"

"Koko, pua nayo inazeeka," mwenyekiti akasema kwa upole, na watu wakaguna.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia kitu kingine. Nyuma yangu kiti kilisogea. Nikageuka, nikaona mama mmoja wa safu ya nyuma ameshika pua, na jirani yake pia, na karai liko mbali kabisa mapajani mwa Koko. Nikaangalia nyuma yao: ua tu, na uwanja. Nikasogea hatua kulia, vichwa vya kulia vikainama. Nikarudi kushoto, wa kushoto wakapinda shingo. Nikainua mkono wa sweta nikaunusa. Hakuna kitu. Nikakumbuka Baba akisema sasa hivi kwamba hasikii kitu. Nikakumbuka mbwa. Nikakumbuka lundo la tatu, tamu kama mkate.

Nikageuka kumwangalia Baba.

Mbele, Baba alikuwa ameshakunja mabega. "Basi wazazi," alikuwa anasema, na ilikuwa ile sauti ya hali ya hewa, "nimewasikia. Sitaki kuwasumbua. Wiki hii nitayaondoa, nitarudisha..."

Mimi sijawahi kusema kitu mbele ya watu. Hata mashairi ya kwaya huwa nafungua mdomo tu. Sijui sauti ilitoka wapi, ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na ilitoka vibaya.

"Si mbolea! Ni mimi!"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Woi," mama mmoja akasema, "mtoto ameharibikiwa."

"Usijali, mama," mwingine akanishika mkono, "inampata mtu yeyote. Tumbo limekuuma tangu saa ngapi? Twende nikakuoshe."

"Sio tumbo!"

"Usione haya, twende polepole, usikimbie."

"Sio tumbo! Ni sweta! Niliianika juu ya mbolea changa!"

Hapo sasa ndiyo walicheka, wanafunzi na wazazi na mpishi aliyekuwa ametoka jikoni na mwiko. Mwalimu Mkuu, ambaye hacheki, aligeuka akaangalia mlingoti wa bendera kwa muda mrefu. Halafu akasema nivue.

Na hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeisimulia, kwa sababu wale walioiona walinyamaza. Ukiwa na sweta huhitaji shati zima. Mnajua. Mimi nilikuwa nimepiga pasi kola pekee, tena na kikombe cha maji moto, na shati langu mgongoni lilikuwa limechanika tangu muhula uliopita na Mama alikuwa amelishona na uzi wa samawati kwa sababu mweupe haukuwepo. Nikavua mbele ya shule nzima, nikasimama na baridi ile nikiwa nimejikumbatia.

Mama Halima aliinuka. Akanifunika na shela yake kubwa, akainama akaninusa shingoni, bila haraka, kama anavyonusa unga kabla ya kuununua. "Hapa hakuna kitu," akasema. Akaiokota sweta yangu kwa vidole viwili, akainusa, akafumba macho.

"Hii ndiyo changa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama Halima."

"Na ya kwa karai ndiyo imeiva?"

"Ndiyo."

Akaenda akaitundika sweta kwenye ua, mbali, upande upepo unakoelekea. Akarudi kwa Koko, akainamia karai, akanusa. Akarudi kwa sweta, akanusa. Akarudi tena kwa karai, akatia mkono ndani. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo.

"Wazazi," akasema, "njooni wenyewe. Muanze na kule, halafu muje huku."

Wakapanga mstari. Naapa. Wazazi wa watu, wazee wa heshima, mwenyekiti na rungu lake, mmoja mmoja, wakienda kunusa sweta yangu iliyoandikwa MWIKALI kwa kalamu kwenye kola, wakitikisa vichwa, halafu wakija kunusa karai na kutikisa vichwa kwa namna nyingine. Wengine walirudi mara ya pili kuhakikisha. Hakuna hotuba ambayo Baba angetoa ingewaonyesha tofauti hiyo. Alisimama pale na mikono yake, anaangalia mstari.

Mikono iliponyooshwa, waliokubali walikuwa wengi. Mama Halima akaweka sharti: malundo yakae kona ya chini, ua na kufuli, na hakuna mbolea itakayotolewa mpaka imenuswa na mtu ambaye si wa nyumba ile. "Pua ya Baba Mwikali," akasema, "tumeiona leo."

"Nani atanusa?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi niko na pua."

Jioni Mama alinigombeza mpaka sauti ikaisha. Baba alimega ugali, halafu akaniuliza, "Uliweka kwa lundo gani?"

"La mwisho."

"Na ilikauka?"

"Ilikauka. Isipokuwa kwapani."

Akafikiria. "Basi limeshika joto zuri," akasema, akaomba aongezwe mboga.

Malundo yalihama kabla ya mwisho wa mwezi, na mnayaona pale chini kila siku. Miti ya mwaka huu bado iko hai, sitaki kusema zaidi nisije nikaiharibia. Sweta niliifua na sabuni ya kipande, nikaifua na ndimu, nikaifua na majivu, na muhula wote ule nilikaa peke yangu kwa dirisha, Halima alihama dawati pua yake ilipozibuka, akarudi nikiwa nimeacha kunuka au pua yake ikiwa imenizoea, hatujui ni lipi.

Nimeapa sitaanika tena kitu chochote juu ya lundo, hata kitambaa cha mkono, hata Kitengela ishike barafu. Lakini kiapo hakitoshi kwa mtu asiyesikia harufu yake mwenyewe, kwa hivyo kila asubuhi nikienda kumchukua Halima napita kwanza kaunta ya mama yake. Nainamisha kichwa. Mama Halima anaegemea mizani, ananusa kola, ananusa bega, wateja wakiwa wamesimama hapo na sukari zao wanangoja. Akimaliza ndipo ananigusa utosini.

"Haya," anasema. "Pita."